Nani Analipia Utani Uliofichwa?

Juzi usiku nilikuwa nasoma hadithi fupi mtandaoni, mojawapo ya zile fupi ambazo si fupi, na rafiki aliyenitumia alikuwa ameniapiza niisome mpaka mwisho. Nikaishia katikati. Bando lilikata nikiwa naingia ukurasa wa tatu, na badala ya ukurasa huo kivinjari kikaniletea yule dinosau mdogo wa kijivu, kasimama peke yake kwenye mstari, anatazama kulia. Bila kufikiri nikabonyeza kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi. Akaanza kukimbia. Nikamrusha dungusi la kwanza, la pili, la tatu. Robo saa baadaye nilikuwa bado namrusha, na hadithi nimeshaisahau.

Nadhani wengi wenu mnamjua. Aliingizwa kwenye Chrome mwaka 2014, na waliomtengeneza walieleza baadaye kuwa ni kichekesho tu: ukikosa intaneti, umerudi enzi za kale. Ndani ya kampuni mradi wenyewe uliitwa Bolan, kwa heshima ya Marc Bolan, mwimbaji wa bendi ya T. Rex. Mwaka 2018 Google walisema mchezo huo unachezwa mara milioni 270 kila mwezi, na wachezaji wengi wako kwenye nchi ambazo data ni ghali au haitabiriki. Walizitaja India, Brazil, Mexico na Indonesia. Sisi hatukutajwa, ila nilivyosoma orodha ile nilijisikia kama mtu aliyesahaulika kwenye kadi ya mwaliko wa harusi ya ndugu.

Kwa Kiingereza vitu kama hivi huitwa mayai ya Pasaka, kutokana na desturi ya Wazungu ya kuficha mayai bustanini siku ya Pasaka ili watoto wayatafute. Kwenye kompyuta, yai la Pasaka ni kichekesho, mchezo, jina au ujumbe ambao mwandishi wa programu ameuficha ndani ya kazi yake. Vivinjari vimejaa mayai hayo. Ukifungua vichupo zaidi ya 99 kwenye Chrome ya simu ya Android, idadi inaacha kuhesabiwa na inakuja alama ya uso unaocheka. Ukiwa kwenye hali fiche, uso huo unakonyeza jicho. Ni kama mtu yumo humo ndani anakwambia, nimekuona, ndugu yangu, funga baadhi.

Swali lenyewe ni hili, na si la kompyuta peke yake. Mtu aliyetengeneza chombo ninachokitegemea, chombo kinachopitisha barua zangu, salio langu la benki na usomaji wangu wa usiku, ana haki ya kuficha kitu chake ndani ya chombo hicho bila kuniambia? Jibu la haraka ni kwamba aa, ni utani tu, una ubaya gani? Mimi nina sababu ya kutoridhika na jibu hilo la haraka. Nitaifikia.

Kwanza niseme wazi kwamba nayapenda haya mambo. Yai ninalolipenda kuliko yote ni la Firefox, ambalo asili yake ni kivinjari cha zamani cha Netscape. Andika about:mozilla mahali pa kuandikia anwani, kisha bonyeza. Unaletewa ukurasa wa rangi nyekundu iliyokolea wenye maandishi meupe, na maandishi hayo yameandikwa kwa sauti ya unabii, kana kwamba ni kipande cha kitabu kitakatifu ambacho hakijawahi kuwepo. Kila toleo lina namba ya sura na aya. Nyingi ya namba hizo ni tarehe, mwezi ukitangulia kama wanavyoandika Wamarekani. Aya ya 3:31 ni Machi 31, 1998, siku Netscape walipouweka hadharani msimbo wa kivinjari chao. Aya ya 7:15 ni Julai 15, 2003, siku ambayo AOL, waliokuwa wamiliki wa Netscape, walikivunja kitengo cha kivinjari na taasisi ya Mozilla ikazaliwa. Aya ya 11:9 ni Novemba 9, 2004, Firefox 1.0 ilipotoka.

Yaani watu waliopoteza kazi na kampuni yao waliandika historia yao kwa fumbo, wakaificha ndani ya bidhaa yenyewe. Sisi wapenzi wa fasihi tunalijua jambo hili tangu zamani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Kwa upande wao Microsoft, kwenye baadhi ya matoleo ya Internet Explorer, ukiandika anwani hiyohiyo ulipata ukurasa mtupu wa buluu, rangi ya ile skrini ambayo Windows ilikuwa ikionyesha inapokata roho. Hata wapinzani walikuwa wanataniana humohumo ndani ya mashine zetu.

Yai linalosimuliwa zaidi, hata hivyo, ni la kabla ya vivinjari. Warren Robinett alikuwa mwandishi wa michezo katika kampuni ya Atari. Enzi hizo Atari hawakuandika majina ya waliotengeneza michezo. Jina la kampuni lilitosha. Robinett alitengeneza mchezo wa Adventure peke yake, ndani ya kilobaiti 4, ukubwa ambao leo hautoshi hata kwa picha ndogo ya wasifu. Humo ndani akaficha chumba. Kukifikia ilibidi uokote nukta moja ya kijivu ambayo karibu haionekani, uibebe mpaka mahali fulani, upite ukutani. Ukishaingia unakuta maandishi yanayosema nani aliutengeneza mchezo huo. Hakumwambia mtu. Aliacha kazi, mchezo ukauzwa, na mwaka 1980 kijana mmoja wa Marekani akakigundua chumba, akaiandikia kampuni barua. Atari wakaona kukifuta kungegharimu, wakakiacha.

Kila nikiisimulia hadithi hii watu wanapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa ndiyo nimetoka chuo, naripoti kwenye gazeti ambalo sitalitaja. Nilipiga makofi kiasi kwamba nikaiga.

Ilikuwa hivi. Alikuja binti kutoka chuo kufanya mafunzo kwa vitendo, wale tunaowaita watu wa field. Alipewa habari ambayo hakuna aliyeitaka: wafanyabiashara wa soko moja la mtaani walikuwa wanaambiwa wahame. Akaenda siku nne mfululizo, kwa nauli yake mwenyewe, akarudi na daftari limejaa. Mhariri akanipa mimi niisuke upya, kwa sababu mimi nilikuwa na uzoefu wa mwaka mmoja na nusu na kwenye chumba kile hiyo ilikuwa elimu kubwa. Nikauliza jina la binti liwekwe. Nikajibiwa kuwa watu wa field hawaandikwi. Habari ingetoka kama zinavyotoka habari nyingi za wasio na jina: Na Mwandishi Wetu.

Jina lake la kwanza lina herufi sita. Nikaipanga habari iwe aya sita, na kila aya ianze na herufi moja ya jina lake, kutoka juu kwenda chini. (Najua kuna aliyekwisha kupanda juu kuziangalia herufi za aya zangu. Shuka, leo hakuna kitu.) Herufi ya tano ilikuwa D, na nilifurahi sana, kwa sababu diwani alikuwa amezungumza, kwa hiyo aya ilianza yenyewe: "Diwani wa kata hiyo alisema." Ya sita ilikuwa I. Nikaandika aya nzuri inayoanza na "Ingawa", nikaelezea mvua na matope na watoto wanaolala chini ya meza za mboga. Ukurasa ukafungwa. Kesho yake asubuhi nikamwita kwenye kantini, nikamwekea gazeti mbele ya chai, nikamwonyesha kwa kidole. Alicheka mpaka akashika mdomo. Akaomba nakala ya pili akate kile kipande akitunze.

Siku mbili baadaye simu yake ikaita, akasikiliza kidogo, akanipa mimi. Alikuwa mama mmoja muuza dagaa wa pale sokoni.

"Mwanangu," akasema, "diwani kasema, mbona mimi sikumjibu? Nilimjibu."

Nikarudi kwenye daftari. Ni kweli alimjibu. Diwani alisema wafanyabiashara walipewa taarifa mapema. Mama alisema barua ya kuhama ilimfikia siku nne baada ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani ya barua hiyohiyo, na alimwonyesha binti bahasha. Kwenye rasimu ya binti, maneno hayo yalikuja moja kwa moja baada ya diwani. Mimi niliyatoa. Sikuyatoa kwa hila. Aya yake ilianza na neno "Barua", aya zilikuwa sita, na B haikuwemo kwenye jina.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ningeweza kuianza na "Ila". Ila mama fulani alisema. Neno la herufi tatu, linaanza na I, lingekaa pale bila taabu. Sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeshapata "Ingawa" yangu na nilikuwa nasikiliza utamu wake. Wiki iliyofuata tulipewa nafasi ya aya mbili ukurasa wa ndani, barua ikatajwa, tarehe zikatajwa. Vibanda vilikuwa vimeshavunjwa. Siwezi kudai kwamba ile sentensi moja ingevizuia visivunjwe. Ninachojua ni kwamba mama yule aliamini kuna mtu anaandika anachosema, na mtu huyo alikuwa anacheza na herufi.

Tangu hapo, kila nikikutana na yai lililofichwa, najikuta nauliza nani amelipia nafasi yake. Hakuna kificho cha bure. Kwenye gazeti kinakula sentimita za safu. Kwenye programu kinakula kumbukumbu ya mashine, saa za kazi na, ghali kuliko vyote, imani ya mtumiaji. Robinett alilipisha kampuni iliyomnyima jina. Mchezaji hakupungukiwa na kitu: mchezo aliununua mzima, na chumba kikawa nyongeza. Mimi nilidhani nawalipisha waliomnyima binti jina, kumbe bili nilimpelekea muuza dagaa.

Kipimo hiki hakiwaachi watu wa kompyuta salama. Kwenye Excel 97, programu ambayo wahasibu wanafungia nayo hesabu, kulifichwa mchezo mzima wa kuruka kama ndege juu ya milima, na mle ndani yanapita majina ya waliotengeneza. Mtu akifanya kwanza kuligundua hilo anacheka. Akishamaliza kucheka, kama ni mhasibu makini, anaganda: kama hawa waliweza kuweka ndege humu na mimi nisijue, kuna nini kingine? Kwenye mwaka 2002, Microsoft walipoanza kampeni yao ya kuifanya kompyuta iaminike, mayai yalipigwa marufuku. Mhandisi wao, Larry Osterman, aliandika mwaka 2005 kuieleza marufuku hiyo, na hoja yake ilikuwa hiyohiyo ya imani. Wapenzi wengi walinung'unika kuwa furaha imeuawa. Mimi, kwa sababu ya muuza dagaa, namwelewa Osterman.

Halafu kuna la Desemba 2017. Watumiaji wengi wa Firefox walifungua orodha ya programu zao za nyongeza wakakuta kitu ambacho hawakukiweka, kinaitwa Looking Glass, na maelezo yake ni sentensi moja ya ajabu kwa herufi kubwa, isiyoeleza lolote. Watu wakadhani wameingiliwa. Kumbe kilikuwa kipande cha mchezo wa mafumbo wa kutangaza tamthilia ya televisheni ya Mr. Robot, ambayo ni tamthilia ya wadukuzi. Na hakikufanya kitu mpaka ukiwashe. Ukikiwasha, kinapindua baadhi ya maneno kwenye kurasa. Kwa hesabu ya kifundi, madhara yalikuwa karibu na sifuri. Lakini Mozilla ndio waliokuwa wanatuambia kila siku kwamba kwao faragha yako ni jambo la kwanza. Waliomba radhi, wakakiondoa, wakakiweka sokoni kwao ili anayekitaka akifuate mwenyewe.

Kwanini about:mozilla inanifurahisha na Looking Glass inanikera, wakati nyumba ni moja na wapishi ni walewale? Nimelifikiria hili kwa njia ya utani wetu. Mpare na Mchaga wanaweza kuambiana maneno ambayo mtu baki akiyasema ataamka hospitali. Mtani anaweza kuja msibani akaanza vituko, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini utani una wenyewe. Unajua mtani wako ni nani kabla hajafungua mdomo, na wewe pia una haki ya kumrudishia. Mtu usiyemjua akiingia chumbani kwako usiku, akakupindulia viatu, kisha asubuhi akakwambia nilikuwa nakutania, atakuwa amefanya nini? Hata kama viatu havijapotea, usiku unaofuata utafunga komeo.

Kwenye about:mozilla mimi ndiye ninayebisha hodi. Naandika anwani, naukuta ukurasa, nausoma, naondoka. Asiyebisha hapungukiwi. Kwenye Looking Glass wao ndio walioingia. Na yule dinosau wa bando yuko kundi lake: anakuja bila kuitwa, kweli, lakini anakuja saa ambayo sina kitu kingine, kwenye ukurasa ambao ungekuwa wa kosa tu, na anasimama kimya mpaka nimguse. Wasimamizi wa kompyuta za shule na ofisi wamepewa hata njia ya kumzima. Mtani wa namna hiyo mlango wangu uko wazi.

Nilipofika hapa nilidhani makala imekwisha. Ila kwa sababu nilitaka kumtaja yule binti, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake mahali pengine, nikampigia simu kumwomba ruhusa. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo.

"Kaka, usinitaje," akasema.

Nikamwambia sawa. Nikamuuliza kama ile siku ya kantini alifurahi kweli au alinistahi tu.

"Nilifurahi, nikudanganye nini? Kile kipande ninacho mpaka leo. Ila wewe ulikuwa unakaa meza ya tatu kutoka kwa mhariri. Uliuliza mara moja, ukajibiwa, ukakaa. Ungenyanyuka mara ya pili."

Sikuwa na jibu, na sina. Nilichofanya ni kurudi kwenye historia ya Atari na kukisoma kipande ambacho siku zote nilikiruka. Robinett hakuwa peke yake aliyekasirishwa na kukosa jina. Mwaka 1979, kabla chumba chake hakijagunduliwa na mtu yeyote, waandishi wanne wa michezo walikuwa wameshaondoka Atari, na suala la majina likiwa mojawapo ya sababu. Waliianzisha Activision, na huko mtengenezaji wa mchezo alitajwa kwenye bidhaa, kwa maandishi ya kawaida, mahali ambapo hata asiyetafuta anaona. Hadithi yao haina nukta ya kijivu wala ukuta wa kupenya, kwa hiyo hatuisimulii kwa raha. Lakini wao walinyanyuka mara ya pili.

Simlaumu Robinett. Mwajiriwa aliyefungiwa milango yote akichora jina lake ukutani kwa ndani, mimi nitakuwa wa mwisho kumkemea. Nasema tu kwamba mimi sikuwa nimefungiwa milango yote. Nilikuwa na mlango mmoja, uko meza tatu kutoka nilipokaa, na nikachagua fumbo kwa sababu fumbo lilinifanya nijione mjanja bila kunigombanisha na mtu.

Firefox ina ukurasa mwingine usio wa siri kubwa. Unaandika about:credits na inakuja orodha ndefu ya majina ya watu waliokichangia kivinjari hicho. Hauna unabii wala rangi ya damu. Nimewahi kuutembeza kwa dakika kadhaa nikichoka kidole kabla majina hayajaisha. Ni ukurasa wa kuchosha, na siku hizi naupenda karibu sawa na ule mwekundu.

Asubuhi niliongeza bando nikaimalizia ile hadithi. Rafiki yangu alisema kweli, mwisho wake si wa kukosa. Chini kabisa pameandikwa jina la mwandishi, na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, jina la aliyeitafsiri.